Kutoka wodini hadi shuleni: mwongozo kamili wa kufuzu uuguzi wa shule wa SCPHN Uingereza

Barua za maombi ninazoletewa na wauguzi wenzangu kutoka Kenya na Tanzania zinafanana kama mapacha. Zinaanza na miaka ya wodini, zinapitia dripu na vidonda, zinaishia kwa "nawapenda sana watoto". Baada ya wiki mbili jibu linarudi: asante, hukufanikiwa. Wenye barua hizo ni wauguzi wazuri, na baadhi yao walinitangulia kazini. Tatizo ni kwamba wanaomba kuuguza wagonjwa, na nafasi iliyotangazwa ni ya kulinda afya ya watoto ambao hawaumwi.

Mwongozo huu unamhusu muuguzi aliyekwisha sajiliwa na NMC, baraza la wauguzi na wakunga la Uingereza, na anayefanya kazi England. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini hutumia rejista hiyohiyo, ila namna ya kupata nafasi na fedha za masomo hutofautiana. Kama bado uko Nairobi au Dodoma, ruka hadi sehemu ya mwisho, kisha rudi hapa juu.

## Kwanza, ujue unachokiomba

Rejista ya NMC ina sehemu ya wauguzi, ya wakunga, na ya tatu inayoitwa SCPHN (Specialist Community Public Health Nurse). Hii ya tatu ni ya wauguzi na wakunga waliosomea zaidi afya ya umma katika jamii. Ina matawi matatu: wanaotembelea familia zenye watoto wachanga, wanaoshughulikia afya ya wafanyakazi kazini, na wauguzi wa shule.

Usimchanganye huyu na sista wa shule ya bweni anayekaa zahanati, anatoa Panadol na kuandika ruhusa ya kwenda nyumbani. Yule ana kazi yake na heshima yake. Muuguzi wa shule wa SCPHN hana kitanda hata kimoja. Hukabidhiwa shule kadhaa, zenye watoto wa miaka 5 hadi 19, na swali lake la kila siku ni: katika hawa wote, ni nani anayeelekea kuumia na bado hatujamwona?

## Vitu vya kuandaa kabla ya kugusa fomu

- Usajili wa NMC ulio hai, usio na masharti wala uchunguzi unaoendelea.
- Vyeti vya masomo na nakala za matokeo. Waliosoma nje ya Uingereza waongeze hati ya ulinganisho kutoka UK ENIC, shirika linalolinganisha vyeti vya nje na vya Uingereza.
- Leseni ya udereva ya Uingereza, au tarehe ya mtihani wake.
- Cheti cha mafunzo ya ulinzi wa mtoto, ngazi ya 3 ukiweza.
- Utayari wa kukaguliwa upya na DBS, idara inayokagua rekodi za uhalifu, katika daraja la juu, ikiwemo orodha ya waliozuiwa kufanya kazi na watoto.
- Majina ya watu wawili wa kukutolea ushuhuda, mmoja akiwa meneja wako wa sasa.
- Nakala ya viza yako, na jibu la maandishi kuhusu udhamini (hatua ya 2).
- Daftari. Si mzaha, utaiona kazi yake hatua ya 3.

## Hatua ya 1: Pima elimu yako kwa mizani ya chuo

Kozi hii hufuata viwango vya NMC vya mwaka 2022, na vyuo vingi huifundisha kama stashahada ya uzamili. Hapa ndipo wenye diploma ya KRCHN (uuguzi wa afya ya jamii wa Kenya) au stashahada ya Tanzania hujikwaa. Unaweza kuwa na miaka kumi na tano kazini, PIN (namba ya usajili) ya NMC mkononi, na bado mfumo wa chuo ukakutema kwa sababu huna ushahidi wa kusoma ngazi ya shahada.

Mwandikie ofisa udahili wa chuo kinachofundisha kozi hiyo karibu nawe. Muulize mambo mawili: wanakubali shahada yangu ya nje? Na kama sina shahada, somo moja la ngazi ya 6, yaani ya shahada, linatosha, au wanataka shahada nzima? Majibu hutofautiana chuo hadi chuo, kwa hiyo usijenge mpango wako juu ya neno la rafiki aliyesoma kwingine.

Taka jibu kwa barua pepe. La simu halishikiki siku ya kubishana.

Ukishapata sentensi iliyoandikwa kwamba unakidhi vigezo, au kwamba unakosa kitu fulani chenye jina na bei, hatua hii imekwisha. Mwenye diploma asikate tamaa: waajiri wengi hugharimia somo la ngazi ya 6 kama sehemu ya kujiendeleza, mradi umelitaja kwenye kikao chako cha tathmini ya mwaka.

## Hatua ya 2: Leseni na viza, maana hizi huua ndoto kimyakimya

Muuguzi wa shule anatoka shule ya msingi saa tatu, anakwenda kikao cha ulinzi wa mtoto saa tano, na mchana yuko nyumbani kwa mtu. Matangazo mengi yanataka udereva. Leseni ya Kenya au Tanzania hukuruhusu kuendesha kwa miezi 12 tangu ulipoanza kuishi Uingereza. Baada ya hapo lazima ufanye mtihani wa nadharia na wa barabarani wa hapa. Haibadilishwi dirishani kama ya Afrika Kusini au Zimbabwe. Kwa hiyo anza mapema, foleni ya mtihani wa barabarani inaweza kuwa ndefu kuliko foleni ya kozi yenyewe.

Viza ina mtego wake. Wengi wetu tuko kwenye viza ya Health and Care Worker, iliyofungwa kwa mwajiri. Hospitali unayofanyia kazi na huduma ya wauguzi wa shule huweza kuwa waajiri wawili tofauti, hata kama wote wanavaa nembo ya NHS, huduma ya afya ya umma. Ukihamia kwa mwajiri mwingine unahitaji cheti kipya cha udhamini, na ombi la kubadilisha viza lipitishwe kabla hujaanza kazi mpya. Isitoshe, nafasi nyingi za mafunzo ni za mkataba wa mwaka mmoja. Uliza waziwazi: "Mnadhamini viza kwa nafasi ya mwanafunzi, na baada ya kufuzu?"

Onyo: usiache kazi ya kudumu kwa ahadi ya mdomo. Namjua mwenzetu mmoja aliyeandika barua ya kuacha kazi Ijumaa, na Jumatatu akaambiwa na mwajiri mpya kwamba nafasi ya mwanafunzi haina udhamini. Alipiga magoti kwa meneja wake wa zamani.

## Hatua ya 3: Ingia mlangoni kwa siku moja

Kabla ya kuomba, tembea na muuguzi wa shule angalau siku moja. Huhitaji kumjua mtu: tafuta huduma ya afya ya watoto wa miaka 5 hadi 19 ya halmashauri unayoishi, mwandikie kiongozi wa timu, omba siku ya kutazama kazi. Halmashauri ndizo zinazogharimia huduma hii, ingawa mtoaji anaweza kuwa NHS, kampuni, au halmashauri yenyewe. Kujua mtoaji wa eneo lako ni nani peke yake ni pointi kwenye usaili.

Siku hiyo chukua lile daftari. Jina la mtoto usiliandike, hata herufi zake za mwanzo. Andika unachokiona kuhusu kazi: simu ngapi zilipigwa, ni kwa nani, ni jambo gani lililozua ubishi, ni fomu gani ilijazwa mara tatu. Utashangaa. Nilipotembea siku yangu ya kwanza nilitarajia kuona vipimo na sindano. Chanjo zilikuwa za timu nyingine kabisa. Yule sista alitumia asubuhi nzima kumtafuta mtoto mmoja ambaye hakuwa ameonekana shuleni kwa siku kadhaa.

Kama una nafasi ya kuhamia kazi ya muuguzi wa kawaida, Band 5 (daraja la mshahara la NHS), ndani ya timu ya shule kwa mwaka mmoja kabla ya kozi, ichukue. Si lazima, lakini wanaotoka ndani ya timu huingia usailini wakiwa wanaijua lugha ya nyumba hiyo.

## Hatua ya 4: Lijue eneo kwa takwimu zake

Hatua hii karibu kila mtu anairuka, na ndiyo itakayokutofautisha.

Serikali ina tovuti iitwayo Fingertips, bure na wazi, yenye takwimu za afya za kila halmashauri ya England. Fungua wasifu wa afya ya watoto wa eneo la mwajiri unayemwomba. Tazama unene wa kupindukia kwa watoto, meno yaliyooza, waliolazwa kwa kujidhuru, mimba za chini ya miaka 18, umaskini wa kaya. Linganisha na wastani wa England.

Takwimu za unene hutoka kwenye mpango wa taifa wa kupima watoto, NCMP. Watoto hupimwa uzito na urefu mara mbili: wakiingia shule wakiwa na miaka 4 au 5, na tena mwaka wa sita wakiwa na miaka 10 au 11. Ukiona eneo ambalo asilimia inapanda karibu maradufu kati ya vipimo hivyo viwili, umeshapata swali la afya ya umma: ni nini kinatokea katika miaka hiyo sita? Njia ya kwenda shule, chakula cha jioni, mfuko wa mzazi, uwanja wa kuchezea uliofungwa?

Chagua matatizo mawili tu. Kwa kila moja andika mistari mitano: ukubwa wake, nani linamwumiza zaidi, kwa nini, nani tayari anafanya kitu, na muuguzi wa shule anaweza kuongeza nini. Ukiweza kumweleza jirani yako asiye muuguzi kwa dakika mbili bila kusoma karatasi, uko tayari.

## Hatua ya 5: Andika barua ya kujieleza

Nafasi za kuanza Septemba hutangazwa zaidi katika miezi ya mwanzo wa mwaka. Tafuta kwenye NHS Jobs kwa maneno "SCPHN student" na uweke tahadhari ya barua pepe. Mara nyingi utaombwa kupita milango miwili, wa mwajiri na wa chuo, na wote wanakaa meza moja kwenye usaili. Mwajiri hukulipa mshahara ukiwa masomoni. Kiwango hutegemea mwajiri, wengine Band 5, wengine asilimia fulani ya Band 6.

Sasa barua. Chukua tukio moja la kazini na uligeuze kutoka kwa mgonjwa mmoja hadi kwa watoto wengi. Linganisha aya mbili hizi za mfano.

Dhaifu: "Nilimhudumia mtoto mwenye pumu kwa upendo, nikampa nebulaiza, akapata nafuu na mama akafurahi."

Yenye nguvu: "Mtoto wa miaka tisa alilazwa kwa pumu mara tatu katika majira ya baridi moja. Mara ya tatu niliuliza habari za nyumba na za shule. Ukuta ulikuwa na ukungu, na pampu iliyokuwa shuleni ilikuwa imepita muda. Niliwasiliana na muuguzi wa shule, naye akakagua pampu za watoto wote wenye pumu katika shule hiyo."

Ya kwanza inaishia kitandani, lakini ya pili imefika shuleni na imegusa watoto ambao mwandishi hakuwahi kuwaona.

Kuna jambo linaloniuma zaidi kwenye barua za wenzetu. Wanafuta kazi waliyofanya nyumbani, kana kwamba maisha yao ya uuguzi yalianza walipotua Heathrow. Ndugu yangu, hiyo "C" ndani ya KRCHN ni jamii! Ulibeba kibaridi cha chanjo hadi shule ya msingi kuchanja wasichana dhidi ya HPV. Tanzania ilianza kitaifa 2018, Kenya 2019. Uligawa dawa za minyoo darasa kwa darasa. Ulikaa na mwalimu mkuu, mwenyekiti wa kijiji na mama waliokuwa wamesikia uvumi kwamba chanjo inafunga kizazi, ukawajibu kwa subira mpaka wakawaleta mabinti zao. England nayo huchanja HPV shuleni, watoto wa miaka 12 na 13, dozi moja tangu Septemba 2023, na baadhi ya wazazi wana hofu zilezile. Mzungu aliyelelewa wodini hana hadithi hiyo. Wewe unayo na umeificha.

Iandike basi, kwa utaratibu: tatizo lilikuwa nini, ulimshirikisha nani, nini kilibadilika, ulijifunza nini. Usiongeze chumvi kwenye idadi. Ukiulizwa ulijuaje, utakwama.

Mpe barua mtu asiye muuguzi aisome. Muulize: kazi ninayoiomba ni ipi? Akijibu "ya hospitali", rudi mezani.

## Hatua ya 6: Usaili

Tarajia maswali ya hali halisi, na mengi yatahusu ulinzi wa mtoto. Haya matatu yafanyie mazoezi kwa sauti.

Binti wa miaka 14 anataka vidonge vya kuzuia mimba na hataki mama ajue. Malezi yetu yatakusukuma kumpigia mama. Sheria ya England, kutokana na hukumu ya Gillick ya mwaka 1985, inaruhusu mtoto wa chini ya miaka 16 kukubali tiba mwenyewe kama ana uelewa wa kutosha. Onyesha kwamba utapima uelewa wake, utamhimiza azungumze na mzazi, na utachunguza kama kuna shinikizo au mtu mzima nyuma ya jambo hili. Kumbuka pia kwamba mtoto wa chini ya miaka 13 kisheria hawezi kabisa kuridhia ngono. Hapo ni suala la ulinzi moja kwa moja.

Mtoto anasema, "Nitakuambia, lakini usimwambie mtu." Ukijibu "sawa", umeanguka. Usimwahidi mtoto siri usiyoweza kuitunza. Mweleze kwamba akiwa hatarini itabidi uwaambie watu wa kumsaidia, na kwamba yeye ndiye atakuwa wa kwanza kujua unamwambia nani.

Msichana wa miaka 15 anakuambia amekeketwa. Sisi wa Afrika Mashariki huulizwa hili, na wakati mwingine kwa jicho la kutupima. Tangu Oktoba 2015, muuguzi wa England au Wales anayeambiwa na msichana wa chini ya miaka 18 kwamba amekeketwa, au anayeona dalili zake mwilini, analazimika yeye mwenyewe kuripoti polisi. Wajibu huo haukabidhiwi meneja. Kama ni hofu tu kwamba huenda akakeketwa, fuata utaratibu wa ulinzi wa mtoto wa eneo lako, na kama hatari iko mlangoni usisubiri. Ujuzi wako wa mila hizi ni mali. Utumie kueleza jinsi utakavyozungumza na familia bila kuidharau, na bila kulegeza sheria.

Onyo moja la tabia. Tumelelewa kutojisifu mbele ya wakubwa, kwa hiyo tunasema "tulifanya" kila mahali. Jopo linaandika alama za mtu mmoja. Sema "nilifanya".

## Hatua ya 7: Mwaka wa masomo

Kozi ni mwaka mmoja ukisoma muda wote, au takriban miwili ukisoma nusu muda, darasa na mazoezi vikigawana karibu sawa kwa sawa. Utakuwa na msimamizi wa mazoezi, mtathmini wa mazoezi na mtathmini wa kitaaluma. Wajue kwa majina wiki ya kwanza, na panga tarehe za vikao vyote mapema, kwa sababu mtathmini akienda likizo bila kusaini, wewe ndiye utakayebaki nyuma.

Wengi hawaangushwi na mazoezi, huangushwa na insha. Tumezoea kueleza: unene ni nini, sababu zake ni hizi, tiba ni hii. Ngazi ya uzamili inataka ubishane: utafiti huu unasema hivi, ule unapinga, wa kwanza ulipima watoto wa mjini tu, kwa hiyo katika shule zangu ningefanya hivi. Peleka rasimu kwa mwalimu wa uandishi wa chuo kabla ya insha ya kwanza, siyo baada ya kufeli.

Jaza kabrasha la ushahidi kila Ijumaa. Anayeliacha mpaka Mei huliandika kwa machozi.

Na soma mkataba wako wa mafunzo. Mingine ina kipengele cha kurudisha fedha ukiondoka kabla ya muda fulani baada ya kufuzu.

## Hatua ya 8: Jina kwenye sehemu ya tatu

Ukifaulu, chuo huwajulisha NMC, nawe unakamilisha ombi na kulipa ada. Hujawa SCPHN mpaka rejista ya wazi ya NMC ionyeshe hivyo. Fungua mtandao ujitafute jina. Usikae na cheti kabatini, una miaka mitano tu ya kusajili sifa hiyo.

Nafasi ya kawaida baada ya hapo ni Band 6. Angalia kama mkataba ni wa mihula ya shule pekee. Wenye watoto wadogo huupenda, lakini mshahara wa mwaka hupungua, na mwenye viza lazima ahakikishe kiasi hicho hakishuki chini ya kinachotakiwa na udhamini wake. Uliza kabla ya kusaini.

## Kwa aliye bado Afrika Mashariki

Huwezi kuomba kozi hii bila PIN ya NMC. Anza na hiyo: mtihani wa Kiingereza wa IELTS, 7 kila kipengele isipokuwa uandishi unaokubalika kwa 6.5, mtihani wa kompyuta wa CBT wenye hesabu za dawa na maswali ya kitabibu, kisha OSCE, mtihani wa vitendo, ukifika Uingereza.

Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zimo kwenye orodha ya nchi ambazo waajiri wa Uingereza hawaruhusiwi kuzifuata kuajiri. Wakala anayekuambia ana "nafasi maalumu" kutoka huko, mtilie shaka. Wewe binafsi unaruhusiwa kuomba tangazo la wazi. Kenya ina makubaliano ya serikali mbili ya Julai 2021, na uajiri wa makundi hupitia humo tu.

Wakati unasubiri, jitolee kwenye chanjo na huduma za mkoba za shule, na kila ukirudi andika tarehe, shule, ulichofanya na nani alikusimamia. Muombe huyo msimamizi barua yenye mhuri kabla hajahamishwa wilaya.